Dodoma–Dar kwa ndege: hewani lisaa limoja, chini siku nzima

Nianze na yule dada wa kaunta, mengine yatafuata. Ndege yetu ilikuwa ya saa nne asubuhi, saa sita ikapita tumekaa tu. Mama yangu, mtu mzima, magoti yanamsumbua, akajikongoja hadi kaunta kuuliza kwa upole: "Mwanangu, leo tutaondoka kweli? Nina kliniki saa tisa." Dada alikuwa anamung'unya ubuyu, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha. Kichwa hakuinua. "Bibi, kama mlikuwa na haraka si mngepanda treni?"

Shikamoo hakuna, pole hakuna. Mama akajibu, "Haya, asante mwanangu," akarudi kukaa. Hiyo asante ndiyo iliyonichoma. Ningekuwa peke yangu wangenisikia mpaka sokoni Majengo. (Pasi zetu za kupandia zina alama ya kidole chake chekundu, nimezitunza.)

Na kinachouma zaidi, yule dada kasema kweli. Dodoma na Dar kwa mstari ulionyooka hazifikishi kilomita 400, kwa barabara ni kama 450. Ndege ikishapaa ni lisaa limoja na dakika chache, mmefika. Zamani ilikuwa inashindana na basi, unajisifu umekwepa Gairo, Chalinze na foleni ya Kibaha. Lakini tangu mwaka 2024 treni ya SGR, ile ya umeme ya reli mpya, inaleta abiria mpaka Dodoma, na watu wanafika Dar kwa saa tatu na nusu, nne hivi, kwa nauli ambayo ukiiweka pembeni ya hii yetu utalia. Ndege ikikawia masaa matatu tu, treni imeshakupita. Yetu ilikawia karibu matano! Sababu? "Za kiuendeshaji," kipaza sauti kilisema mara moja kikanyamaza. Uendeshaji wa nini, na ndege yenyewe haipo hata uwanjani?

Halafu ndege ikaja, ile ndogo ya pangaboi, na hapa niseme ukweli wangu. Kijana mhudumu wa ndani alishuka ngazi zote kumfuata mama. "Shikamoo bibi, nishike hapa." Akampandisha kidato kwa kidato bila kumharakisha, akamkalisha dirishani. Upande wa kulia tukaiona Milima ya Uluguru, mawingu yamekaa kileleni, mama ananiuliza, "Hiyo ndiyo Morogoro? Mbona tumefika sasa hivi?" Soda haijaisha, tunashuka Dar. Rubani alitua huwezi kujua matairi yamegusa lini. Pale kwenye kiti nilikuwa nimeshawasamehe wote, hata wa ubuyu. Nyota nne kabisa.

Tukatoka nje, nikapiga simu kliniki. Wameshafunga, daktari tumemkosa, tupangiwe tarehe nyingine. Nyota zikarudi moja, na hiyo ni ya yule kijana, kampuni isijisifie.

Ukiwa na mgonjwa au mzee asiyeweza kukaa muda mrefu, sikukatazi kupanda ndege, ila panga kusafiri jana yake. Ukiwa mzima na miguu yako, panda treni. Mama mwenyewe hataki kusikia habari za treni, anasema amependa dirisha. Na tiketi za kurudi tulishalipia, kampuni ileile, hela hairudishwi. Kwa hiyo tutapanda.