Kununua Joto la Kubebeshea Miche Nyanda za Juu Kusini: Kipi Kianze, Kipi Kiachwe

Kisu kikali na mkono mwepesi havitoshi kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo (kijiti cha mti wa aina unayoitaka) na mche utakaokibeba. Baada ya kufunga mkanda, jeraha huzibwa na kalusi, yaani tishu laini nyeupe inayoota pande zote mbili za mkato mpaka zikutane, na tishu hiyo huota haraka au polepole kulingana na joto inalolipata. Kati ya Juni na Agosti, usiku wa Njombe, Makete, Mufindi na miinuko ya Mbeya huwa wa baridi kiasi kwamba kikonyo cha parachichi kinaweza kukauka kabla hakijaanza kunywa maji ya mche uliokibeba. Wenye vitalu wengi husubiri baridi ipite. Anayetaka miche iwahi mvua za mwisho wa mwaka hana budi kununua joto kidogo, na mwongozo huu unapanga vyanzo vyake kuanzia kinachofaa zaidi hadi kisichofaa kabisa.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi ajue mti wake unahitaji nini. Jozi ni mgumu kuliko yote, kwani kalusi yake huota vizuri kwenye nyuzijoto 27 hivi na hufanya kazi kidogo sana chini ya 20. Parachichi hutosheka na nyuzi 20 hadi 25. Tufaha ni mvumilivu, maana kalusi yake huendelea kuota, japo taratibu, hata kwenye nyuzi chache juu ya sifuri. Hata hivyo, joto likipita nyuzi 32 kalusi huanza kudhurika, na likifika 40 hufa. Swali la pili, ambalo wauzaji hawaliulizi, ni kama mti unapukutisha majani wakati wa baridi au haupukutishi, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua ununue kipi kati ya vyanzo viwili vya mwanzo.

Kidhibiti joto kinunuliwe kwanza

Kwa mtu yeyote atakayetumia umeme, kidhibiti joto, yaani kifaa kinachowasha na kuzima umeme ili joto libaki pale ulipolipanga, ni muhimu kuliko chanzo chenyewe. Vidhibiti vya kidijitali vyenye kihisi cha waya, kama STC-1000, ni vilevile vinavyofungwa kwenye mashine za kutotolea vifaranga, na asiyekikuta Mwanjelwa jijini Mbeya au mjini Iringa anaweza kuagiza Kariakoo akapokea mzigo wake kwa basi. Soma maandishi ya pembeni kabla ya kulipa, kwa kuwa kifaa hicho hutengenezwa pia kwa volti 12, nacho hakifai kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani. Kilichotoka kwenye mashine ya vifaranga kimepangwa nyuzi 37 na ushei, joto ambalo litaunguza jeraha la mche, hivyo lazima kipangwe upya.

Kipime palepale dukani. Omba barafu kwa muuza soda, iponde kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, kisha zamisha kihisi: kisome sifuri, au tofauti isiyozidi nyuzi moja. Usikubali jaribio la maji yanayochemka, ambalo mafundi hulipenda, kwa sababu katika mwinuko wa jiji la Mbeya, takriban mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi wala si 100, na kifaa kizima kitaonekana kibovu. Ukishafika kitaluni, kihisi kifungwe ubavuni mwa jeraha lenyewe. Kikining'inizwa hewani kitakupa habari za banda, na habari za mche hutazipata.

Nafasi ya kwanza: handaki fupi la nailoni

Kwa parachichi na makadamia, ambayo hubaki na majani mwaka mzima na hubebeshwa yakiwa kwenye viriba, hakuna ununuzi unaolishinda handaki la nailoni, yaani nailoni iliyotandazwa juu ya matao kufunika miche. Nunua nailoni maalumu ya banda kitalu, yenye unene wa maikroni 200 na kinga dhidi ya jua. Nailoni nyepesi ya kawaida huchakaa na kupasuka mapema, na unafuu wake hupotea hapo. Matao yanaweza kuwa ya mianzi, na kimo cha mita moja kinatosha. Ongeza neti ya kivuli ya asilimia 50, kwa kuwa jua la saa saba mchana hata mwezi Julai linaweza kupandisha joto ndani ya nailoni iliyofungwa likapita nyuzi 40.

Udhaifu wa handaki huonekana usiku. Nailoni huachia joto la ardhi kupenya kwenda juu, na anga likiwa jeupe, ndani hukaribiana na nje kabla ya alfajiri. Dawa yake ni madumu meusi yaliyojaa maji, yapangwe kati ya miche ili yapokee jua mchana na kulirudisha joto usiku. Kisha jioni, kabla jua halijazama, handaki lifunikwe kwa mikeka au magunia. Handaki lenye madumu na magunia ninaliweka juu ya vifaa vyote vya umeme kwa mwenye kitalu cha Rungwe, Njombe au Mbozi anayebebesha parachichi kwa mamia, hasa kwa sababu halijali kukatika kwa umeme.

Nafasi ya pili: bomba lenye waya wa joto

Kwa miti inayopukutisha majani, yaani tufaha, peasi, plamu, pekani na jozi, mpangilio unageuka na bomba linachukua nafasi ya kwanza. Njia hii ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Harry Lagerstedt huko Corvallis, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, kwa ajili ya miti ya hazeli, ambayo ilikuwa migumu kubebesha. Wazo lake ni kupasha moto jeraha peke yake. Bomba la plastiki hukatwa mianya ubavuni, ndani hupitishwa waya wa joto, na kila mche hulazwa jeraha lake likiwa ndani ya mwanya wenye nyuzi 24 hadi 27. Mizizi hufukiwa upande mmoja ndani ya vumbi la mbao lenye unyevu, na ncha ya kikonyo hutokeza upande wa pili kwenye hewa baridi. Macho ya kikonyo, yaani vichipukizi vyake, hubaki yamelala huku jeraha likifanya kazi, kwa hiyo kikonyo hakichipui kabla hakijapata njia ya maji. Baada ya wiki tatu au nne, kalusi huwa imefunga mkato.

Baridi yetu, ambayo kwa parachichi ni adui, hapa ni sehemu ya mtambo. Bomba liwekwe upande wa kusini wa nyumba, maana mwezi Juni jua letu huegemea kaskazini na upande huo hupata kivuli mchana kutwa.

Vya kununua ni bomba la PVC la inchi moja na nusu, sponji ya kufunika mianya, mkanda wa kubebeshea pamoja na nta ili jeraha lisikauke, na waya wa kupasha joto udongo. Waya huo huuzwa kwa urefu maalumu. Haukatwi ili ufupishwe, wala haupaswi kujipanda wenyewe, kwani panapopandana pataungua. Fundi umeme afunge swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30, kwa kuwa hapo maji na umeme vinakaa pamoja. Gharama ya LUKU si ya kutisha: waya wa wati 100 unaowaka nusu ya muda hutumia uniti 1.2 kwa siku, yaani kama uniti 25 kwa wiki tatu. Aliye kwenye daraja la matumizi madogo lisilozidi uniti 75 kwa mwezi ahesabu kwanza asije akavuka. Umeme ukikatika kwa saa chache hakiharibiki kitu, na sanduku la mbao za paina lililojazwa maranda makavu kuzunguka bomba litashikilia joto. Mufindi na Makambako maranda si bidhaa ya kusaka.

Vinavyofuata

Bomba linalozungusha maji ya moto kwa pampu ndogo hugawa joto sawasawa kuliko waya, lakini pampu ni kifaa cha ziada cha kuharibika, kwa hiyo nafasi yake ni ya tatu. Kwa kupasha maji hayo, hita ya tangi la samaki yenye kidhibiti chake inafaa. Hita ya kuchemshia maji ndooni haifai hata kidogo.

Taa nyekundu ya kulelea vifaranga ndani ya sanduku ni ya nne. Inapatikana kila mahali, lakini hukausha vikonyo na kuamsha macho pamoja na jeraha, na ile ya wati 250 hutumia umeme mwingi kwa kazi ndogo. Mkeka wa umeme wa kuoteshea mbegu ni wa tano: hupasha mizizi, wakati kinachohitaji joto kiko sentimita 20 juu yake. Ukiwa nao tayari, utumie kuoteshea kokwa za parachichi la kienyeji.

Jiko la mkaa ndani ya banda la nailoni halipewi nafasi. Moshi wa mkaa usioungua vizuri una ethilini, gesi inayoangusha majani machanga, na una kaboni monoksidi, isiyo na harufu, ambayo itamuua anayeingia alfajiri kukagua miche yake.