Maua ya kununua Dodoma: uliza maji kabla ya rangi

Kabla hujatoa hela kitaluni, pita mtaani mwezi wa Septemba uangalie kuta za majirani. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, na wastani wake ni chini ya milimita 600 kwa mwaka. Kinachochanua Septemba, vumbi na upepo vikiwa vimepamba moto, ndicho cha kununua mvua zikianza.

Mara nyingi utakuta ni bogenvilia, nami naiweka ya kwanza bila kusita. Ile rangi unayoiona ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati. Ndiyo maana inadumu wiki nyingi. Ikishashika ardhi, kiu kidogo huizidishia maua. Ya kwangu niliimwagilia kila jioni na kuijazia samadi, nikapata majani matupu mwaka mzima. Nunua iliyokwisha kuchanua ili rangi uione mwenyewe. Kisha inua kiriba, ule mfuko wa mche: mzizi ukiwa umetoboa na kuzama chini, utakatika ukivutwa na mche utadumaa. Shina nene fupi ni bora kuliko refu jembamba. Unapopanda, chana kiriba taratibu, udongo usimeguke, kwa sababu mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Na ina miiba, kwa hiyo ikae mbali na njia ya watoto.

Ya pili ni adeniamu, wengi huiita waridi la jangwani ingawa si ukoo wa waridi. Ni mmea wa nchi kavu za Afrika na Arabuni, na maji yake huyaweka kwenye shina. Libonyeze: likiwa gumu, chukua, likiwa laini, huenda limeoza. Uliza kama mche ni wa mbegu, kwani huo ndio unaotunisha shina vizuri. Baridi ya Juni na Julai ikiupukutisha majani, punguza maji, usiongeze. Utomvu wake ni sumu iliyopakwa kwenye mishale ya wawindaji, basi nawa mikono.

Vinka ni ya tatu: bei ndogo, na hujiotea yenyewe. Asili yake Madagaska, na kwenye mmea huo hutolewa vinkristini, dawa ya saratani ya damu. Nakuomba sana, usichemshe majani yake ukanywa, ni sumu.

Lantana sinunui kabisa. Inasambaa hovyo na huwadhuru mifugo.

Waridi nalipenda kuliko yote, na bado naliweka mwisho, kwa sababu maji ya mgao hayalitoshi. Ukilitaka, nunua mche mmoja tu, uweke karibu na mlango wa jikoni, na maji ya kuoshea mchele yawe yake. Likiwa la kuunganishwa juu ya shina la waridi jingine, machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yakate mapema, maana hayo si waridi ulilolilipia.