Beringi zangu za zamani walizimwaga kwenye ndoo

Nianze na kinachoniuma. Karakana niliyoikabidhi injini ya gari langu la zamani ilitoa beringi zote za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ikazimwaga kwenye ndoo moja, za meni (zinazoishika krenki kwenye bloku) na za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) zimechanganyika, bila namba hata moja. Nilipoomba nizione, msimamizi hakuinua hata uso: "Mzee, chuma chakavu unakitakia nini? Tumekuwekea mpya, nenda kaendeshe."

Chuma chakavu! Kwa anayefufua injini ya zamani, zile beringi ndizo ushahidi wenyewe. Kila beringi ni vipande viwili vya nusu duara, cha juu na cha chini. Juu ya mgongo wa chuma kuna tabaka la shaba na risasi, na juu yake utando mwembamba wa kijivu. Kijivu kikiisha, shaba inachungulia. Kwenye konrodi, nusu ya juu ndiyo inayopokea kishindo cha mlipuko, kwa hiyo ikilika kuliko ya chini si ajabu; kwenye meni ni kinyume, ya chini ndiyo inayoumia. Mikwaruzo inayoizunguka beringi ni uchafu uliopita na oili. Lakini ukikuta nusu ya juu imelika ukingo mmoja, na ya chini imelika ukingo wa upande wa pili, usihangaike na oili: kapime konrodi, huenda imepinda. Sasa utayasoma vipi haya kama hujui kipande kipi kilitoka silinda ipi?

Na niliwaambia mapema. Kabla injini haijashushwa, ilikuwa ikipata moto inagonga, hasa pale unapoachia mafuta baada ya kukanyaga. Nilichomoa nyaya za plagi mmoja mmoja injini ikiwa inanguruma. Wa silinda ya tatu ukitoka, kugonga kunafifia. Hiyo ni dalili ya beringi ya konrodi. Meni zikichoka mlio huwa mzito, unatoka chini kabisa na unazidi injini inapovuta mzigo. Niliyaandika yote kwenye karatasi, "silinda ya tatu" nikaipigia mstari. Msimamizi akaikunja, akaitia mfukoni.

Haki yao nitawapa: krenki ilisagwa vizuri sana. Kijana wa mashine, mpole na msikivu, aliisaga hadi saizi ya kumi, yaani inchi 0.010 chini ya standadi, akaniita nishike maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, mwenyewe. Shingo zote, yaani sehemu za krenki zinazozunguka ndani ya beringi, zilikuwa duara kamili, hazina mteremko, na kingo za matundu ya oili zimelainishwa. Kwa muda nilikuwa nawasifu kwa kila mtu. Presha ya oili ilisimama hata injini ikiwa ya moto.

Kisha kugonga kukarudi. Palepale. Nikachomoa waya wa tatu, kukafifia.

Nilikata filta ya oili, nikakuta karatasi yake inameremeta chembe za rangi ya shaba. Nikashusha sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini, nikafungua konrodi ya tatu: beringi mpya kabisa imelika ukingo huu juu, ukingo ule chini. Konrodi ilipopimwa kwa mtu mwenye kifaa, ikaonekana imepinda. Walikuwa nayo mikononi, wakaifunga vilevile bila kuipima, na beringi ambayo ingewaonyesha wakaitupa. Mpaka leo nikifikiria hilo mikono inatetemeka.

Nikawarudia na ile beringi, nikaiweka mezani. Msimamizi akaisogeza kando kwa ncha ya kalamu. "Ulitia oili gani?" Nikamtajia. "Basi unaendesha kwa fujo." Hakuitazama! Mtu anayejiita bingwa wa injini za zamani analetewa beringi inayojieleza yenyewe, naye anaulizia mguu wangu.

Nilikaa kuandika haya nikiwa na nia ya kuwapa nyota tatu, kwa heshima ya yule kijana wa krenki. Lakini hata kazi yake wameiharibu. Shingo ya tatu imekwaruzwa, itabidi krenki isagwe tena hadi saizi ya ishirini, na injini ya umri huu kila ikisagwa inasogea kwenye saizi ya mwisho, ambayo baada yake unaanza kusaka krenki nyingine isiyopatikana. Kwa hiyo si tatu. Si mbili. Ni moja, na hiyo moja ni ya kijana.

Krenki tupu ningempelekea tena, nimkabidhi yeye mkononi. Konrodi zitapimwa kwingine nikiwa nimesimama hapo hapo. Na beringi nitazitoa mwenyewe, niziandike mgongoni namba ya silinda na juu au chini, kabla mtu yeyote hajazigusa.