Mini Mudder: maili moja ya matope na mwanao

Tough Mudder, mbio za kuvuka vizuizi na matope, ilianza Pennsylvania, Marekani, mwaka 2010, na ina njia ya watoto iitwayo Mini Mudder. Ni kama maili moja, yaani kilomita 1.6: kuta za kuparamia, nyavu za kutambaa chini yake, mitaro ya matope, vyote kwa kimo cha mtoto. Haishindaniwi kwa saa, na hilo ndilo tunalolipenda kuliko yote. Mtoto akikwama ukutani anasubiriwa, anasukumwa, anavuka.

Viatu ndivyo vinavyoamua siku. Aliyewahi kukatiza shamba wakati wa masika anajua jinsi udongo wa mfinyanzi unavyong'ang'ania mguu. Chagua vya zamani, vyenye meno marefu na vinavyobana kisigino. Kamba zipigwe fundo mara mbili, ncha zichomekwe ndani. Mguu ukizama usiuchomoe kwa nguvu. Tikisa kisigino kushoto na kulia hewa ipenye, kisha toa kisigino kwanza. Mabuti ya mvua yaacheni nyumbani, hujaa tope hatua ya tatu tu. Nguo za pamba, hata soksi, hunyonya maji na kumpoza mtoto. Taiti ndefu hulinda magoti dhidi ya changarawe chini ya wavu. Glavu hatuzipendekezi: zikishalowa tope huteleza kuliko viganja.

Ukutani, mzazi apige goti moja, mtoto akanyage paja, halafu bega. Msimvute kwa mkono mmoja, hasa akiwa mdogo, kwa kuwa kiwiko cha mtoto huteguka upesi. Mshike chini ya makwapa.

Na mdomo ufungwe! Oktoba 2012, baada ya mbio za matope kwenye ranchi ya ng'ombe huko Nevada, watu 22 waliugua kuhara kwa bakteria wa Campylobacter, na uchunguzi ulionyesha uhusiano na kumeza maji ya tope bila kukusudia. Mfundisheni mtoto kutema, si kumeza, na mchubuko wowote uoshwe papo hapo kwa maji safi na sabuni.

Udhaifu wa mbio za aina hii uko mwishoni, kwenye kunawa. Mara nyingi ni mpira wa maji baridi na foleni, na mtoto hupoa haraka kuliko mtu mzima. Bebeni madumu mawili ya lita 5, mjaze maji ya moto asubuhi na kuyafunika blanketi garini. Hadi mchana bado yana uvuguvugu, lakini yapimeni kwa mkono kabla ya kummwagia. Taulo ziwe mbili, moja ya kufutia tope, moja ya kukaushia.

Nguo zisuuzwe nje kwanza, maana mfinyanzi huziba kichujio cha mashine ya kufulia. Viatu vijazeni magazeti, myabadilishe kila yakilowa, na msivianike karibu na moto: gundi huachia na soli hubanduka.