"Ongeza bando, mkubwa": adapta ya simu na mwangwi usioisha

Msinunue. Ama nunueni, lakini si katika lile duka la katikati ya Kisumu ambalo fundi wake ana dawa moja kwa kila ugonjwa.

Nazungumzia adapta ya kuchomeka simu ya kawaida ya mezani upande mmoja na ruta upande wa pili, ili upige simu kupitia intaneti. Hasira yangu ina jina moja: mwangwi. Mteja wa Nakuru akipiga, kila neno lake linamrudia kama anaongea akiwa ndani ya tangi la maji. Upande wangu ni shwari kabisa. Nimeipeleka dukani, na fundi hata hakuichomeka. "Hiyo ni mtandao wako, mkubwa. Ongeza bando." Akarudi kwa simu yake ya mkononi.

Bando! Simu moja kwa kodeki ya G.711, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data bila kuibana sana, haifiki hata kilobiti 100 kwa sekunde kila upande, hata ukijumlisha data ya anwani inayobandikwa kwenye kila pakiti. Na tangu lini bando likazaa mwangwi? Muuzaji wa vifaa hivi angejua hili kabla hajajua bei: anayejisikia siye mwenye kosa, mwangwi unazaliwa upande wa pili. Mteja wa Nakuru akijisikia, kosa liko mezani kwangu: kwenye adapta, waya au simu yenyewe.

Waya wa simu ya mezani hupitisha sauti inayokuja na inayokwenda kwa nyuzi mbili zilezile, na ni kazi ya adapta kuzitenganisha. Ukinzani wa umeme wa simu usipolingana na ule uliowekwa kwenye adapta, mara nyingi omu 600, sehemu ya sauti ya mteja inagonga ukuta na kumrudia. Kifuta mwangwi kimo ndani ya adapta, tena kwa kawaida kimewashwa. Mwangwi wa sekunde moja au mbili mwanzoni mwa simu kisha ukapotea si ubovu, hapo kinajifunza laini. Usipopotea, shuku kiwango cha sauti. Kikizidi, sauti inapasuka, na kifuta mwangwi hakiwezi kufuta sauti iliyopasuka.

Kwa hiyo, kwanza chomoa simu zote za ziada kwenye tundu la adapta, uache moja yenye waya mfupi. Jaribu simu nyingine. Za bei rahisi huvujisha sauti ya sikioni hadi mdomoni ndani ya mkono wa simu wenyewe. Kisha ingia kwenye ukurasa wa mipangilio, sehemu ya laini, ushushe sauti inayoingia na inayotoka kwa desibeli 3, piga, sikiliza, shusha 3 tena. Ukishusha zaidi ya 6 na mtu anaanza kusema "sikusikii", rudi juu kidogo, kisha ubadilishe ukinzani kwenye mipangilio hiyohiyo. Badilisha kimoja kimoja, la sivyo hutajua kilichotibu.

Sasa hapa, na inaniuma kuandika, fundi alikuwa na robo ya haki. Mwangwi unaorudi haraka, tuseme ndani ya milisekunde 25, sikio halitambui. Huuchanganya na sauti ya mwenyewe. Ukichelewa ndipo unakuwa kero. Adapta ikipita kwenye intaneti ya simu ya mkononi, ucheleweshaji hupanda, na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, hupendekeza usizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Kwa hiyo mtandao haukuzaa mwangwi, ila uliuanika. Lakini hilo lingemchukua dakika mbili kueleza! Na hata hivyo bando kubwa halipunguzi ucheleweshaji. Waya wa faiba badala ya intaneti ya simu ndio unaoupunguza.

Mengine ni madogo. Ukibonyeza 1 na mashine ya benki haisikii, weka toni za vitufe ziende kwa RFC 2833, yaani kama data ya pekee, zisipite ndani ya sauti, hasa ukitumia G.729, kodeki inayoibana sauti sana. Namba ikichelewa kutoka, malizia na alama ya reli (#). Stima ikikatika, simu nayo imekufa, labda uwe na betri ya akiba ya adapta na ruta pia.

Kwa sauti pekee, baada ya desibeli 6 kushuka, naipa adapta nyota nne. Nasikia hata mteja akivuta kiti. Kwa duka, sifuri, na fundi akiniona nikipita asinisalimie.