Koti lako halivuji, ni chafu: najaribu sabuni na dawa ya nguo za mvua

Haya, karibuni tena. Kabla sijafungua chupa hizi mbili, tazameni bega la koti hili. Namwagia maji kijiko kimoja... mmeona? Yamezama palepale, kitambaa kimegeuka cheusi. Sasa namwagia hapa chini, karibu na mfuko. Matone yanaviringika kama umande juu ya jani la gimbi. Koti ni lilelile, tofauti ni kwamba begani nimebebea mkoba miaka mitatu.

Nilishalitenga nilitupe, nikiamini limetoboka. Halijatoboka. Koti la namna hii lina utando mwembamba ndani, Gore-Tex ndiyo inayojulikana zaidi, imeuzwa tangu 1976. Matundu yake ni madogo kiasi kwamba tone la maji halipiti lakini mvuke wa jasho unapita. Kinachochoka mapema ni dawa iliyopakwa kiwandani kwenye kitambaa cha nje. Ikichoka, kitambaa kinakunywa maji, kinakuwa kizito na baridi, mvuke unakosa pa kutokea. Unaloa jasho lako mwenyewe huku ukiilaumu mvua.

Na nani kaichosha? Mkanda wa mkoba kwa kusugua, mafuta ya ngozi, vumbi, halafu mimi na sabuni yangu ya unga. Kazi ya sabuni ni kuyafanya maji yashike kitambaa na kupenya. Mabaki yake yakibaki kwenye nyuzi, yanaendelea na kazi hiyohiyo mvua ikinyesha. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa ni nguoni kwelikweli! Dawa ya kulainisha nguo ndiyo usiikaribishe kabisa, wala bliichi.

Chupa ya kwanza, sabuni maalumu. Nimesafisha kwanza kile kisanduku cha sabuni cha mashine, maana kilikuwa na ukoko wa sabuni ya zamani. Nimefunga zipu zote na velkro, nikaweka nyuzijoto 30 kama lebo inavyosema, mkamuo wa polepole, nikasuuza mara mbili. Wa beseni msijali: maji vuguvugu, sponji laini kwenye kola na mikono, suuza mpaka povu liishe. Ila usilikamue kama dekio, likunjue tu lichuruzike.

Limetakata, kola imerudi rangi yake. Lakini niseme ukweli: hii chupa si ya lazima. Hata Gore-Tex wenyewe wanaruhusu sabuni ya maji ya kawaida, kidogo, mradi usuuze mara mbili. Ukiwa na hela ya chupa moja tu, usinunue hii.

Subirini, usinunue hata ile nyingine bado. Kuna kitu cha bure ambacho watu wengi wanakiruka: joto. Dawa ile ya kiwandani mara nyingi haijaondoka, imelala tu. Koti likishakauka, liache kwenye mashine ya kukaushia dakika 20 kwa joto la wastani. Huna mashine? Pasi ya joto dogo, bila mvuke, na taulo katikati ya pasi na koti. Soma lebo kwanza, ikikataza pasi, imekataza. Langu baada ya joto: mikono imerudi kama mpya, mgongo pia. Mabega yamegoma.

Hapo ndipo chupa ya pili inapopata kazi, dawa ya kurudishia kinga. Ziko za kumimina kwenye mashine na za kunyunyizia. Koti lenye bitana chukua ya kunyunyizia, kwa sababu ile ya kumimina inapaka hadi ndani, na bitana unaitaka ivute jasho. Nimelilowesha koti tena, nikapulizia likiwa bado bichi, limetundikwa nje penye hewa, baada ya dakika mbili nikafuta ziada kwa kitambaa. Usipofuta, inaacha mabaka meupe. Malalamiko yangu ni kipulizio chenyewe: kinatema mara puu, mara hakuna kitu.

Nimechagua isiyo na PFAS, kemikali zile ambazo zikishaingia kwenye mazingira hazivunjiki kirahisi. Ubaya wake ni kwamba inafukuza maji lakini mafuta haiyawezi, kwa hiyo kola na mabega yatachafuka upesi na nitafua mara nyingi zaidi. Mimi nimekubali.

Haya yote hayahusu koti la pamba lililopakwa nta. Hilo ni sponji na maji baridi tu, kisha nta mpya. Na kama koti lako linabambuka kwa ndani kama ngozi iliyoungua jua, hakuna chupa itakayolisaidia.

Sasa kijiko chetu. Bega la kulia... yanaviringika, hadi sakafuni. Kushoto... yanavi— aa, hapana. Oneni hapa kwenye mshono, doa la ukubwa wa ukucha linakunywa maji. Hapo kipulizio kilitema hewa nami nikadhani nimepaka. Leteni chupa.