Midomo imetoka poa, lakini yule daktari!

Kliniki sitaitaja. Iko Kilimani, Nairobi, ghorofani, maua ya plastiki kila kona. Nilienda kujaza midomo kwa sindano, kwa sababu zile lipglosi za kuwasha za Dubois Road nimezipaka hadi nikachoka. Pilipili na mdalasini zinavimbisha kwa muda mfupi tu, kisha unarudia midomo yako ya kuzaliwa.

Sasa nimeshalazwa, krimu ya ganzi imeshika, nikamwomba anionyeshe boksi la dawa. Ombi dogo hivyo. Nilitaka kuona limeandikwa asidi ya hayaluroni, ile jeli ya kujazia, kwa kuwa hiyo ikileta shida inayeyushwa kwa dawa iitwayo hayaluronidezi. Silikoni haiyeyushwi, hiyo huondolewa kwa kisu. Akashusha barakoa, akanitazama. "Madam, umekuja kudungwa ama kunifanyia mtihani?" Na msaidizi wake akacheka! Msichana mdogo kabisa, aki ya nani.

Nikameza mate, nikauliza kama hiyo dawa ya kuyeyusha wanayo hapo hapo. Maana ile ya kujazia ikiingia kwenye mshipa wa damu, mdomo unapauka na kuuma vibaya, na huwezi kuanza kutafuta ya kuyeyusha ukiwa kwenye jamu ya Ngong Road. Jibu lake: "Wateja wangu hawaulizangi hayo." Basi ndio maana nauliza mimi!

Mwishowe akanirushia boksi mapajani. Kumbe ndiyo yenyewe, mililita 1, halijafunguliwa, tarehe haijapita. Sasa kilichomshinda kunionyesha mapema ni nini?

Mkono wake ni mwepesi, hilo siwezi kumnyima. Nilivimba siku mbili tatu nikawa najificha nyuma ya leso, kisha ikatulia, na midomo imependeza kweli. Kazi nampa nyota tano. Nne. Kwa ile dharau, mbili, na hizo ni kwa ajili ya midomo.

Huwa inakaa miezi 6 hadi 12. Ikiisha nitatafuta mwingine, na safari hii nitaangalia kwanza jina lake kwenye sajili ya KMPDC, lile baraza la madaktari. Ama nirudi tu kwake, midomo yenyewe si mnaiona? La, sirudi. Halafu alinidunga nusu tu ya ile sirinji na mimi nililipia yote. Hiyo nusu nyingine alimpelekea nani?